Uliniita Mara Mbili

Rau, Moshi
Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Mwanangu Aikande,

Barua huanza kwa salamu na kuuliza habari za huko. Hizo nimeziruka, maana leo kabla ya ibada umenipa shikamoo yako nikaitikia, na huko unakokwenda hujafika bado. Sasa hivi umepanda Mbokomu kumuaga baba yako mkubwa Elia na kupita kaburini kwa mdogo wako Manka. Nakadiria utarudi jua likianza kupoa. Nina saa tatu hivi za kuandika, na mkono wangu, kama unavyoujua, umezoea spana za baiskeli kuliko kalamu. Nivumilie mwandiko.

Sitakuambia uchemshe maji, wala uvae soksi mbili, wala uangalie unakula kwa nani. Mama yako ameshakuambia hayo tangu Jumatano, na mengine ameyarudia mpaka paka wa nyumba hii anayajua kwa moyo.

Nataka kujibu swali lako la juzi.

Uliniletea daftari, ukalifungua mezani, ukasema, "Baba, hebu niangalizie. Nikae wapi?" Nikavaa miwani. Ulikuwa umepiga mistari kwa rula kama mwalimu. Upande huu umeandika mahali: Moshi mjini, Marangu, Machame, na kile kijiji cha juu ya Tarakea. Upande ule umeandika mambo ya kupima: kodi ya chumba, kodi na ushuru wa serikali, maji, na mwendo wa kutoka mlangoni mpaka njia ya kupandia mlima na wageni unaowaongoza. Mjini ofisi za utalii ziko karibu, lakini mwenye nyumba akitozwa kodi ya jengo anamtwika mpangaji. Marangu geti liko jirani, ila kila mwenye banda ameona hoteli ya mwenzake na sasa anataka bei ya mzungu. Machame hivyo hivyo. Kule juu ya Tarakea chumba ni bei ya chini, ukitaka kiwanja utakipata, hakuna kodi ya jengo wala ya ardhi ya mjini, na njia ya Rongai inaanza nyuma ya mashamba ya viazi. Hapo ukazungushia duara kwa kalamu nyekundu.

Mimi nikasema, "Umeandika vizuri," nikainuka eti naenda kumtazama ng'ombe. Ng'ombe alikuwa anacheua zake, hana shida na mtu. Nilisimama pale bandani mpaka nikasikia umefunga daftari.

Mwanangu, nilikimbia. Daftari lile lilinitisha kwa sababu nami niliwahi kuwa na hesabu kama hiyo kichwani, safu kwa safu, bila kukosea hata moja, na matokeo yake ni kaburi ulilokwenda kulipalilia leo. Sehemu ya habari hiyo unaijua kuliko mtu yeyote. Sehemu nyingine hujawahi kuisikia kutoka kinywani mwangu.

Mimi nilikuwa mtoto wa katikati. Mila yetu unaijua: wa kwanza hupewa, wa mwisho hubaki na nyumba ya wazazi, na sisi wa katikati hukatiwa kipande cha kihamba, shamba la ukoo, tukaambiwa tuwe na akili. Kipande changu kule Mbokomu kilikuwa chembamba, migomba na kahawa chini yake, na mpaka kati yangu na kaka Elia ulikuwa mstari wa masale, mmea wetu wa mipaka na wa heshima. Ukitoka mlangoni ukafuata mfereji kwenda juu, unaingia msituni, na kutoka hapo kuna vijia tulivyopita tukiwa vijana kwenda kutafuta kazi ya kubeba mizigo ya wageni. Nilikuwa mgumu mimi, usinione hivi. Nilibeba mizigo miaka minne, na hakuna kitu nilichokipenda duniani kama kuamka asubuhi nikajua mlima uko nyuma ya nyumba yangu. Hilo la kutaka kukaa karibu na njia ya mlima, kwa hiyo, sikulaumu. Ulilirithi kwangu.

Kisha mambo yakageuka. Bei ya kahawa ikaanguka. Dawa za miti, ambazo chama cha ushirika kilikuwa kinatukopesha, zikawa za kununua dukani kama sukari. Na juu ya hayo ilikuwapo kodi ya maendeleo, ambayo sisi tuliiita kodi ya kichwa kwa sababu kila mwanamume mzima alidaiwa, awe na kitu asiwe nacho. Siku hizi imefutwa, na vijana mkiisikia mnadhani ni hadithi. Wakati huo karani akija na mgambo na huna stakabadhi ya mwaka ule, unachukuliwa mbele ya watoto wako, au kuku wako wanachukuliwa badala yako. Na kule Mbokomu hakuna pa kujificha. Karani nilisoma naye darasa moja. Alijua mpaka mbuzi wangu wamezaa lini.

Ndipo rafiki yangu mmoja tuliyebeba naye mizigo akanipa habari za Chekereni. Mifereji mikubwa ilikuwa imechimbwa, mpunga unastawi, mashamba na viwanja vinapatikana kwa urahisi. Akaniambia, "Na kule, bwana, hakuna anayekujua. Orodha yao haijakamilika. Unalima, unalala, hudaiwi."

Maneno hayo matatu yalinikaa kichwani: unalima, unalala, hudaiwi.

Bibi yako, mama yangu, nilimkuta jikoni anamenya ndizi. Nilipomweleza aliacha kisu. "Chini tunalima, hatulali," akasema. "Tangu babu zako, mtu anashuka asubuhi kulima mahindi yake, jioni anarudi kwenye baridi yake. Kule kuna mbu. Nani kakutuma ukalaze watoto huko?"

"Mama, dunia imebadilika."

"Mbu hajabadilika," akasema, akarudi kwenye ndizi zake.

Nilicheka. Niliona ni maneno ya kizee. Nikampa kaka Elia kipande changu chote, naye akanipa nilichohitaji kuanzia maisha. Halafu nikafanya jambo ambalo hata mtoto wa Kichagga anajua halifanywi kwa mzaha: nikachukua jembe nikaanza kung'oa masale ya mpaka, kwa kuwa shamba sasa ni moja. Elia akasema, "Yaache, mdogo wangu. Yanakudhuru nini?" Mimi nikataka kuonyesha kwamba nimekwenda na wakati. Niliyang'oa yote, nikayatupa kwenye mfereji. Mkataa kwao mtumwa, wanasema, na mimi nilikataa kwetu mchana kweupe, kwa jembe.

Ninakumbuka ulivyofurahia Chekereni. Tulipofika ulikuwa na miaka saba, Manka minne. Ulimfundisha kutembea juu ya matuta ya mpunga bila kudondokea majini, mikono mmeinyoosha. Jioni mlikuwa mnaigiza vyura mpaka mama yenu anawafukuza nje. Mwaka wa kwanza tulivuna vizuri, nikanunua redio, nikajiona mjanja. Jina langu halikuwa kwenye orodha ya mtu. Sikuwa nimegundua bado kwamba mahali ambapo hakuna anayekudai, ndipo pia hakuna anayekuuliza umeamkaje. Jirani wa upande huu alikuwa mgeni kama mimi, wa upande ule alikuwa anahamahama. Mbokomu ukikohoa mara tatu, jirani anakuja na uji. Chekereni tulikohoa peke yetu.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Nimeinuka mara mbili kutoka kwenye kiti hiki kabla ya kuandika sentensi hii.

Mama yako alikuwa amepanda Mbokomu kumsaidia bibi kuchuma kahawa, alale huko siku mbili. Manka alikuwa na homa tangu jana yake, homa ya kawaida tuliyoizoea, inapanda inashuka. Niliamka nikiwa na nia ya kumpeleka hospitali mjini kwa baiskeli. Mungu anajua hiyo nia nilikuwa nayo. Kabla sijamaliza kujaza upepo gurudumu, nikasikia mluzi wa watu wa mashambani. Ilikuwa ishara yetu. Mgambo walikuwa wameketi kwenye daraja la mfereji, njia pekee ya kutokea, na kila mwanamume anayepita anaombwa stakabadhi. Sikuwa na ya mwaka ule wala ya mwaka uliotangulia.

Nikakuita. Nikakuambia, "Kaa na mdogo wako. Mtu yeyote akiuliza baba yuko wapi, sema hujui. Mtu yeyote, umesikia?" Ukasema, "Ndiyo, Baba." Nikaingia kwenye mpunga uliokuwa umefika kifuani, nikaketi juu ya tuta, maji miguuni.

Ulikuja mara ya kwanza jua likiwa halijafika utosini. Ulitambaa ili usionekane, ukiwa na akili kuliko mimi. Ukaniambia, "Baba, Manka anatetemeka."

Nikasema, "Mfunike. Nakuja."

Ukaja mara ya pili jua limepinda. Gauni lako lilikuwa limelowa mpaka kiunoni. Ukasema, "Baba, Manka haniitikii."

Nami nikakuambia, "Usipige kelele, watasikia. Rudi."

Ukarudi. Nilikuona ukienda, mgongo wako mdogo, na sikuinuka. Nilikuwa nimeshika kichwani mwangu picha ya mimi nikifungwa kamba, nikipitishwa mbele ya watu. Aibu hiyo niliiogopa kuliko kitu chochote, kuliko nilichokuwa nimetoka kuambiwa na mtoto wangu. Ninaandika hivi bila kupamba. Mgambo wale wangenichukua, na wewe ungepiga kelele, na yeyote kati yao mwenye mtoto nyumbani angesema mpeleke kwanza huyu hospitali. Pengine wasingesema. Lakini sikuwapa nafasi ya kusema.

Walipoondoka jua lilikuwa linatua. Nilimfunga Manka mgongoni kwa kanga ya mama yenu, nikaendesha baiskeli kwa nguvu zangu zote. Muuguzi alimpokea, akamgeuza kidogo, akaniuliza, "Amekuwa hivi tangu saa ngapi?" Nikasema, "Sasa hivi tu." Alinitazama kwa muda. Alikuwa anajua. Manka alikuwa ameshakwenda, nadhani tangu njiani, sikuhisi alipoacha kupumua. Mpaka leo kuna mahali mgongoni pangu ninapojaribu kukumbuka na pananinyima.

Mama yako aliletwa kutoka Mbokomu kesho yake. Alisimama mlangoni, kitambaa cha kichwa kimeanguka shingoni, akaniuliza, "Ulikuwa wapi?"

Nikajibu, "Nilikuwa shambani mbali. Sikuitwa."

Wewe ulikuwa umesimama karibu na mtungi. Uliinua macho ukanitazama, na mimi nikatazama chini. Mama yako akakugeukia. "Aikande, mbona hukumwita baba yako?"

Nilikuwa na muda wa kusema. Pumzi moja ingetosha. Wewe ukasema, "Nilisahau."

Mtoto wa miaka minane. Nilikuwa nimekukataza usimwambie mtu yeyote nilipokuwa, na ulitii hata kwa mama yako, hata siku ile. Nimewahi kufundishwa mengi kuhusu utii kanisani, lakini sijaona utii mwingine wa kunichoma kama huo wako.

Hatukuwa na pa kumzika. Kwa watu wengine labda ni jambo dogo, kwetu ni aibu isiyosemeka: mtu ana mtoto amelala sebuleni na hana kihamba. Nilikata jani la isale kwa jirani wa bibi yako, nikafunga fundo kama inavyopaswa, nikampelekea kaka Elia kwa mikono miwili. Aliyepelekewa isale la kuombwa radhi hakatai. Elia alilipokea, akalia kabla yangu, akaniongoza mpaka palepale nilipong'oa mpaka wetu. Akasema, "Mlaze hapa." Masale unayoyapalilia pale kaburini ni yeye aliyeyarudishia.

Siku ile watu walinisifu kwamba nimenyenyekea. Nilimpelekea isale mtu ambaye sikumkosea sana. Niliyemkosea alikuwa nyuma ya migomba, ana miaka minane, anaosha vikombe vya waombolezaji.

Sasa sikiliza hili la mama yako, maana ndilo linalonifanya niandike leo na si mwaka ujao. Mama yako hakuwahi kukupiga kwa jambo lile, wala kulitaja tena. Alichofanya kilikuwa kidogo, na kikadumu. Mdogo wako Anaeli alipozaliwa, baada ya sisi kuhamia hapa Rau, hakukuachia umbebe. Ulikuwa umekaa kwenye ngazi huna kazi, yeye anachota maji, mtoto mgongoni. Ukisema, "Mama, nipe nimbebe," anasema, "Acha, nitambeba mwenyewe." Niliyasikia maneno hayo mara ngapi? Niliyasikia nikiwa nimeshika spana, nikainama zaidi kwenye gurudumu. Ukaacha kuomba. Nadhani ulikuwa na miaka kumi na moja ulipoacha.

Na Jumapili tulikuwa tunapanda, mimi na wewe, kutoka hapa Rau mpaka Mbokomu, kwenda kupalilia. Mama yako hakuweza, alisema magoti. Wewe mbele, mimi nyuma, tunapita pembeni ya msitu wa Rau, tunapanda na mto, hatuongei. Watu wanasema miguu yako ni ya ajabu, kwamba wageni wanapumulia mdomo wewe bado unaimba. Hawajui kwamba ulijifunza kupanda mlima kwa kwenda kaburini. Kila Jumapili nilisema moyoni, leo tukifika kwenye lile daraja la magogo nitamwambia. Tulivuka daraja lile miaka kumi na mitano.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikuwa ndefu, kwa sababu kulikuwa na mtoto aliyekubali kunibebea.

Basi nirudi kwenye daftari lako. Sikukatazi kwenda kule juu ya Tarakea. Ni pazuri, nimewahi kupita na mizigo. Kuna baridi ya kweli, viazi vyenye ladha kuliko vya kwetu, na asubuhi Mawenzi unauona mpaka nyufa zake. Na wewe si mimi. Ukisoma ramani unaona kitu, mimi nilikuwa naona karatasi. Lakini hesabu zako zina safu nne, na mimi ninajua jinsi safu nne zinavyoweza kuwa sahihi zote na mtu akapotea.

Ulipoandika kwamba hakuna kodi, uliuliza kwa nini hakuna? Mahali pengine hakuna kodi kwa sababu ni kijijini na ndivyo ilivyo, hapo kaa kwa amani. Kwingine ni kwa sababu kipande hicho kimo ndani ya mpaka wa msitu, na anayekuuzia anakuuzia kisicho chake. Siku wakija watu wa misitu na nyundo zao za kubomolea hutakuwa na mtu wa kumlalamikia. Kabla hujanunua kiwanja, tembea mpaka wake na wazee wawili wasiomjua muuzaji vizuri. Nenda pia mwezi wa nne, mvua ikinyesha, uone kama ile njia bado inapitika kwa mtu aliyebebwa. Usicheke. Ninasema kwa mtu aliyebebwa, kwa sababu mimi niliipima njia ya Chekereni kwa mtu anayetembea.

Na ukifika, jitambulishe kwa balozi wa nyumba kumi siku ya kwanza. Jiandikishe. Mchango wa shule ukipita, toa. Wa msiba ukipita, toa, hata kama marehemu hukumjua. Nilidhani mtu asiyedaiwa ndiye aliye huru. Nilikimbia kudaiwa mpaka nikakimbia kuulizwa, na kwa watu wetu hivyo viwili hutoka katika daftari moja. Anayekuja kukudai mchango ndiye atakayegundua kwamba mlango wako haujafunguliwa leo.

Ni hayo tu kuhusu mahali. Mengine utaniambia wewe.

Leo mchana, ulipokwisha kuondoka, mama yako alikuwa anachambua maharage pale uani. Nikaketi kwenye kigoda mbele yake, nikamwambia. Nilimwambia yote kwa mpangilio huu huu: mluzi, daraja, mpunga, mara ya kwanza, mara ya pili. Nilipofika kwenye "Nilisahau" mikono yake ikasimama. Halafu akaendelea kuchambua. Alichambua mpaka maharage yakaisha kwenye ungo, moja moja, na mimi nimekaa pale.

Akasema, "Miaka yote hii nimemwangalia mwanangu kwa jicho la pembeni."

Akasema, "Nilimnyima mtoto wa kubeba." Hapo akalia, Aikande, kilio ambacho hakulia hata siku ya mazishi. Nilinyoosha mkono, akausukuma. Alipomaliza alijifuta kwa kanga, akaniambia, "Kesho stendi nitamsindikiza mimi. Wewe utabaki." Akaingia jikoni. Harufu ninayoisikia sasa hivi ni ya kiburu, ndizi na maharage yale yale. Anakupikia. Akikukumbatia jioni hii zaidi ya kawaida, au akishindwa kukutazama, utajua sababu. Usimwonee hasira mno. Alihukumu kwa ushahidi niliompa mimi.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Yangu hayakungoja kifo changu, ila yalisubiri mpaka mkesha wa safari yako, na hilo nalo ni kosa. Ulistahili kukua katika nyumba ambayo mama yako anakuamini.

Ndani ya bahasha hii kuna jani. Nililikata juzi kaburini kwa Manka, nikalifunga fundo. Najua mzazi hampelekei mwanawe isale. Kaka Elia angeshangaa, na wazee wangesema nimechanganyikiwa. Na mila inasema aliyepewa isale hakatai. Mimi nakuondolea mila hiyo. Ulinitii mara moja ikakugharimu utoto wako, sitaki kukufunga kwa utii mwingine. Ukitaka kulirudisha, lirudishe. Ukitaka kulitupa, mfereji uko nyuma ya nyumba, na ni mimi niliyeonyesha mfano wa kutupa masale mferejini.

Mwanzoni nilipanga kuitia barua hii chini kabisa ya begi lako, chini ya lile koti la mvua, uje uikute Tarakea nikiwa mbali. Nimeandika mpaka hapa ndipo nimeona nilichokuwa ninafanya. Ningekuwa nimeketi tena kwenye mpunga. Kwa hiyo nitakupa mkononi ukiingia tu, kabla hujavua viatu, halafu nitatoka nikae kwenye kigoda pale uani, wazi, mahali unaponiona kutoka dirisha la chumba chako. Soma polepole. Sitaondoka pale hata kama giza litaingia, hata kama mvua itanyesha, hata kama hutaki kuniona.

Ukiniita, nitakuja mara ya kwanza.

Baba yako